Kijiko Kimoja cha Mafuta: Klachi ya Gari la Zamani Inapokataa Kukata

Jana jioni gari liliingia gia bila neno. Leo asubuhi unawasha injini, unakanyaga klachi, unapeleka mkono kwenye gia ya kwanza, nayo inagoma. Unajaribu rivasi, inakwaruza mpaka meno yako mwenyewe yanauma. Unazima injini: gia zote zinaingia, laini kama jana. Unawasha tena, zinagoma tena.

Hapo wengi huwa na hukumu moja tu mdomoni: klachi imekwisha. Fundi mwenye haraka naye ataitikia, giaboksi itashushwa, pleti mpya, lile duara la msuguano ndani ya klachi, itafungwa, na gari litarudi chini likiwa na ugonjwa wake uleule. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuwa huyo fundi mwenye haraka, kwenye gari langu mwenyewe. Habari yake nitaitoa mbele kidogo.

Klachi iliyokwisha huwa haishiki. Pleti ikilika inateleza: unakanyaga mafuta, injini inanguruma, mzunguko unapanda, gari linabaki nyuma, hasa kwenye mlima. Gari linalogoma kuingia gia wakati injini inazunguka lina tatizo la upande wa pili kabisa. Klachi yake inashika vizuri mno. Inashika hata pale ulipoiambia iachie. Mafundi husema haikati. Na kwenye gari la zamani lenye klachi ya mafuta, mara nyingi klachi isiyokata ni nzima kabisa kule ndani. Kilichopungua ni ile safari ya kutoka mguuni hadi kwenye giaboksi, na safari hiyo inabebwa na mafuta machache kuliko watu wanavyodhani.

Mafuta yanavyofanya kazi ya waya

Klachi ya waya haina fumbo: unavuta huku, kule kunavutika. Klachi ya mafuta inafanya kazi ileile, ila mahali pa waya pana mafuta ya breki. Mguu unasukuma pedali. Pedali inasukuma ufito mfupi unaopenya bati linalotenga injini na abiria, ufito unasukuma pistoni ya silinda ya juu, ambayo mafundi huiita masta. Masta inasukuma mafuta kwenye paipu ya chuma, kisha kwenye kipande cha hozi ya mpira, kwa sababu injini hutikisika na paipu tupu ya chuma ingekatika. Hozi inafika kwenye silinda ya chini, silevu, ambayo kwenye magari mengi ya zamani imefungwa ubavuni mwa giaboksi, nje, mahali unapoweza kuiona ukilala chini ya gari. Pistoni ya silevu inatoka na ufito wake, ufito unasukuma uma, uma unasukuma rilizi beringi, beringi inakandamiza vidole vya springi ya presha pleti, na presha pleti inaachia pleti iliyokuwa imeibana kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Ukiondoa mguu, springi ileile ya presha pleti inarudisha kila kitu kilikotoka, mafuta yakiwemo.

Kanuni yake aliieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: shinikizo ndani ya kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Ndiyo maana pistoni ya chini ikiwa pana kuliko ya juu, nguvu inaongezeka, lakini safari inapungua kwa kadiri ileile. Hakuna cha bure.

Sasa tupige hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayofungua mlango. Chukua masta yenye kipenyo cha milimita 15.87, yaani inchi 5/8, kipimo kilichotumika sana kwenye magari madogo. Tuseme pistoni yake inasafiri milimita 30 pedali ikifika chini. Mafuta yanayosukumwa ni kama mililita 6. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Kwa maneno mengine, klachi nzima, yenye kazi ya kutenganisha injini na magurudumu, inaishi kwa kijiko kimoja cha mafuta na matone machache juu yake.

Kijiko hicho kikifika chote kwenye silevu ya milimita 19.05, yaani inchi 3/4, ufito wa chini unatoka milimita 20 hivi. Uma ukiwa na uwiano wa mbili kwa moja, beringi inasogea milimita 10. Wenzo wa springi unazipunguza tena, na mwishowe nafasi inayobaki kila upande wa pleti haifiki hata milimita moja. Nafasi hiyo nyembamba ndiyo tofauti kati ya klachi inayokata na isiyokata. Kila mililita moja inayopotea njiani inamnyima silevu milimita 3.5 za safari. Zikipotea mililita mbili, theluthi ya safari imekwenda, na rivasi inaanza kukwaruza.

Kwa hiyo kutafuta ugonjwa wa klachi ya mafuta ni kuuliza swali moja: kijiko kimepungukia wapi? Huenda mafuta yamevuja nje. Huenda yamepita nyuma ya mpira wa pistoni badala ya kwenda mbele. Huenda yametumika kubana kiputo cha upepo, au kuvimbisha hozi iliyochoka. Au mafuta hayana kosa lolote, na safari imeliwa na chuma kilicholika kabla ya masta au baada ya silevu.

Kabla ya kushika spana

Anza kwa kuhakikisha unapambana na ugonjwa ulio sahihi. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka taratibu, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi kumi, kisha ingiza rivasi. Rivasi ndiyo shahidi mzuri kwa sababu kwenye giaboksi nyingi za zamani haina sinkronaiza (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijaumana) ya kuficha makosa. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haikati. Ikiingia kimya, huku gia moja tu ya mbele, tuseme ya pili, ikisumbua ukiwa barabarani, basi hilo ni suala la giaboksi na makala hii haitakusaidia.

Kisha fungua boneti utazame kikopo cha mafuta. Hapa kuna jambo ambalo hata madereva wa siku nyingi hulikosea. Kikopo cha breki hushuka taratibu kadiri pedi zinavyolika, na hilo ni kawaida. Kikopo cha klachi hakifanyi hivyo. Kwenye mfumo unaojirekebisha wenyewe, pleti inapolika vidole vya springi husogea nyuma, vinarudisha pistoni ya silevu ndani, na mafuta yanapanda kikoponi kidogo. Kwa hiyo mafuta ya klachi yakipungua, hayajaliwa na matumizi. Yamevuja, na kuongeza tu ni kununua siku chache.

Kwenye magari mengine klachi na breki hunywa kikopo kimoja. Mara nyingi mrija wa klachi umetobolewa juu zaidi kwenye ukuta wa kikopo ili klachi ikivuja isiondoke na breki. Ni busara ya mbunifu, ila inamdanganya mtazamaji: klachi inaweza kuwa imeshavuta upepo huku kikopo kikionyesha bado kina mafuta.

Tazama na rangi. Mafuta mapya ni ya manjano hafifu kama chai ya limau. Yakiwa meusi, yenye tope, ujue mipira ya ndani inasagika na kuelea humo. Hiyo peke yake ni ilani tosha.

Uvujaji una maficho mawili yanayopendwa. La kwanza ni ndani ya gari: masta ikivuja kwa nyuma, mafuta yanashuka kwenye ufito na pedali mpaka kwenye zulia. Inama, pitisha kidole pale ufito unapoingia kwenye bati. Ukikuta rangi ya bati imebabuka hapo, umeshapata jibu, kwa maana mafuta ya breki ni adui mkubwa wa rangi. La pili ni silevu. Ina kofia ya mpira ya kuzuia vumbi; ivute kidogo nyuma. Unyevu mwembamba si hoja. Mafuta yakimwagika ulipoivuta, mpira wa pistoni umekufa, na kofia ilikuwa inauficha msiba.

Rula

Kama hakuna uvujaji, wengi hukimbilia kutoa upepo. Subiri. Kuna kipimo kinachogharimu dakika tano na rula, na ningekuwa na uwezo ningekifanya sheria: pima safari ya ufito wa silevu.

Tega gari kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake, zuia magurudumu, hakikisha gia iko huru na injini imezimwa. Mtu mmoja akae ndani akanyage pedali taratibu hadi chini, wewe uko chini na rula kando ya ufito. Soma ulipoanzia na ulipoishia. Kitabu cha gari lako kitataja safari inayotakiwa. Magari hutofautiana, lakini ukipata milimita 7 au 8 pale panapotakiwa 15, jibu liko wazi bila hata ya kitabu.

Uzuri wa rula ni kwamba inaugawa ulimwengu mara mbili. Safari ikiwa kamili na klachi bado haikati, mafuta yamefanya kazi yake yote, na kosa liko ndani ya kengele ya giaboksi, lile ganda linalofunika klachi: uma uliopinda au kupasuka, egemeo lililolika, kidole cha springi kilichovunjika, pleti iliyoganda kwenye flaiwili kwa kutu, au beringi ndogo ya ncha ya shafti ya giaboksi iliyoshikana ikawa inazungusha shafti hata klachi ikiwa imeachia. Hapo ndipo kushusha giaboksi kunapata haki yake. Ila kama gari limekaa miezi bila kutembea, shuku kwanza kutu. Pasha injini moto, tafuta mahali pa wazi pasipo na mtu mbele, washa gari likiwa kwenye gia huku umekanyaga klachi, kisha ukanyage na kuachia mafuta kwa mishtuko. Mara nyingi pleti huachia kwa kishindo, na ugonjwa unaishia hapo.

Safari ikiwa fupi, giaboksi haina hatia. Ibaki ilipo.

Na hapa ndipo ninapodaiwa ile habari. Gari langu lilikuwa halikati, halivuji, kikopo kimejaa. Nilishusha giaboksi, nikafunga pleti, presha pleti na beringi mpya, wikendi nzima, mgongo ukawa si wangu. Rivasi ikakwaruza kama mwanzo. Baada ya kununa siku mbili ndipo nilipochukua rula, nikakuta safari fupi, nikaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka chini ya dashibodi. Pini inayounganisha pedali na ufito wa masta ilikuwa imelika ikawa na kiuno kama cha nyigu, na tundu lake kwenye pedali limekuwa yai. Pedali ilikuwa inasafiri milimita nyingi kabla ya pistoni kujua kwamba imekanyagwa. Kwenye ufito zilipotea kama milimita 5 kati ya 30. Piga hesabu: karibu mililita moja ya kijiko chetu. Ikaongezeka kwenye uchovu wa mpira wa masta, ikatosha kuangusha mfumo mzima. Pini ilikuwa kipande kidogo kuliko kidole changu cha mwisho.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu mafuta, mtu akanyage pedali huku wewe ukimulika tochi. Tazama pini. Tazama bushi za pedali. Tazama hata bati lenyewe pale masta ilipofungwa: kwenye magari ya zamani bati hilo huchoka, hupasuka nyufa nyembamba pembeni mwa bolti, na ukikanyaga unaona masta nzima inasogea mbele. Kila milimita inayosogea masta ni milimita ambayo pistoni haikusogea.

Upepo au mpira?

Chuma kikiwa salama na safari bado ni fupi, wamebaki washukiwa wawili wakuu, na mguu wako unaweza kuwatenganisha.

Pampu pedali haraka mara nne au tano kisha ishikilie. Kama inapanda na kuwa ngumu zaidi, halafu inakaa hapo hapo, elekea upande wa upepo. Ukikanyaga kwa nguvu ya kilo 10, wenzo wa pedali unaizidisha kama mara tano, na shinikizo ndani ya paipu linafika baa 25 hivi, yaani kama mara 25 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Mafuta hayajali shinikizo hilo, hayabanwi kwa kiasi cha kuonekana. Upepo unabanwa mpaka unabaki chini ya sehemu moja ya ishirini ya ukubwa wake. Kiputo cha mililita moja, kidogo kama punje ya njegere kubwa, kinameza karibu mililita nzima kabla ya silevu kupata chochote. Hiyo ndiyo pedali laini kama sifongo.

Kama pedali inapanda ukiipampu lakini inazama polepole ukiishikilia, na hakuna tone nje, mafuta yanapita pembeni ya mpira wa masta yakirudi kikoponi. Ugonjwa huu una tabia ya kupandisha watu presha: uko kwenye foleni, gia ya kwanza imo, mguu uko chini kabisa, na gari linaanza kujisogeza lenyewe kuelekea bampa la mbele yako. Ukikanyaga haraka, mpira unabana vizuri na gia inaingia. Ukikanyaga polepole unapitisha. Ndiyo maana gari hilo hilo linaweza kuonekana zima mbele ya fundi na kugoma dakika kumi baadaye.

Ukitaka uhakika zaidi, bana hozi kwa kibanio chenye midomo laini, karibu na upande wa masta. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na haizami, masta ni nzima, tafuta kuanzia hapo kwenda chini. Ikiendelea kuzama ingawa hozi imebanwa, ni masta. Ila hozi ya miaka ishirini usiibane ukategemea kuirudisha barabarani. Ukuta wake wa ndani unaweza kupasuka. Mimi hubana tu hozi ambayo nimeshaamua kuibadilisha.

Hozi yenyewe ina magonjwa mawili. Ikilegea, inavimba ukikanyaga. Ishike mkononi wakati mwenzako anakanyaga, utaisikia ikituna kama mshipa. Ikiziba kwa ndani, inaruhusu mafuta kwenda kwa sababu mguu una nguvu, lakini inayachelewesha kurudi. Klachi hapo haishiki haraka, inateleza, na mtu anabadilisha pleti kwa kosa la hozi.

Kufungua na kufunga

Ukishajua ni masta au silevu, swali ni kubadilisha mipira tu au silinda nzima. Jibu liko kwenye ukuta wa ndani wa silinda. Itoe, ifungue, ioshe kwa spiriti au mafuta safi ya breki, umulike ndani. Ukuta uking'aa bila mikwaruzo, seti ya mipira inatosha. Ukiona vishimo vya kutu, hata vidogo vinavyoshika ukucha, usijidanganye kwa msasa. Mpira mpya utapita juu ya vishimo hivyo maelfu ya mara na kuchanika kama wa kwanza.

Usiioshe kwa petroli, dizeli wala oili. Mipira hii imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki. Mafuta ya madini huivimbisha mpaka inakwama. Nimeona kikopo kilichojazwa oili ya injini kwa dharura: kila mpira, kuanzia juu hadi chini, uliharibika. Magari mengi hutumia DOT 3 au DOT 4 (madaraja ya mafuta ya breki yanayoandikwa kwenye chupa), ambazo ni za jamii moja na 5.1. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi nazo, hata kama namba zinafanana kwa jina. Yapo pia magari machache ambayo mfumo wake ulitengenezwa kwa mafuta ya madini tangu kiwandani, kwa hiyo amini maandishi ya kwenye kifuniko kuliko kumbukumbu ya mtu. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana itupe. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, na unyevu huo ndio uliochimba vile vishimo vya kutu.

Je, ubadilishe masta peke yake, au na silevu? Kama zote zina umri mmoja, mimi hubadilisha zote mbili na hozi juu yake. Zimesafiri umbali uleule na kunywa tope lilelile, na iliyobaki huwa haikai muda mrefu kabla ya kufuata mwenziwe. Kazi ya kutoa upepo ni ileile kwa moja au kwa mbili, na kuifanya mara moja kunatosha.

Kama silevu ya gari lako ni ile ya duara inayozunguka shafti ndani ya kengele, hesabu inageuka: kuifikia ni kushusha giaboksi, kwa hiyo ukiifikia badilisha na klachi yote, na usimruhusu mtu akufungie ya zamani.

Kutoa upepo

Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Mtu amefunga vipande vipya, anapampu kwa saa nzima, pedali bado sifongo, anaanza kushuku kwamba alichofunga ni kibovu.

Njia ya kawaida ni ya watu wawili. Jaza kikopo. Weka mrija angavu kwenye nipeli ya silevu, ile skrubu ndogo yenye tundu ya kutolea upepo, ncha ya pili izame kwenye mafuta safi ndani ya chupa. Wa juu anakanyaga taratibu, wa chini anafungua nipeli robo mzunguko, mafuta na viputo vinatoka, nipeli inafungwa kabla mguu haujarudi. Rudia mpaka mrija uwe safi, huku ukiongeza mafuta kabla kikopo hakijafika chini. Kikikauka mara moja tu, unaanza upya. Pedali ya klachi inaweza kubaki chini wakati wa kazi hii. Ivute juu kwa mkono, si dalili ya ubovu.

Usipampu kwa fujo. Mafuta yakitikiswa ndani ya njia nyembamba yanatoa povu, na povu halitoki kwa nipeli, linasubiri mpaka utulie. Na kama masta ni ya zamani, usiizamishe pedali hadi mwisho wakati wa kutoa upepo. Weka kipande cha ubao chini yake. Miaka yote mpira umetembea sehemu ileile ya silinda. Chini ya sehemu hiyo pana kutu na tope ambavyo haujawahi kuvigusa, na ukiusukuma huko mara ishirini unautoa ukiwa umechanika. Wengi wameua masta nzima kwa njia hiyo wakidhani wanaitibu.

Upepo unaokataa kutoka kwa kawaida umejificha mahali pa juu, kwa sababu upepo hupanda na wewe unaulazimisha ushuke. Angalia paipu: kama ina mgongo, kiputo kimekaa hapo. Angalia silevu: nipeli lazima iwe juu. Kwenye magari ambayo silevu inaweza kufungwa ikiwa imegeuka, watu huifunga nipeli ikiwa chini, na hapo hata ungetoa mafuta ndoo nzima, kiputo kitakaa tuli juu ya pistoni.

Dawa ninayoipenda ni kugeuza mwelekeo. Fungua silevu kwenye giaboksi bila kutoa hozi, iinamishe nipeli ikiwa imefungwa na tundu la hozi likiwa juu, kisha sukuma pistoni ndani polepole kwa mkono. Mafuta yanarudi juu kuelekea masta, na utaona viputo vikichomoza kikoponi kimoja baada ya kingine. Iachie itoke taratibu, usiiruhusu iruke nje, sukuma tena. Mara tano au sita kama hizo zimenifaa zaidi kuliko saa nzima ya kupampu. Vilevile unaweza kutumia sindano kubwa ya plastiki kusukumia mafuta kupitia nipeli kwenda juu. Kwanza punguza yaliyo kikoponi yasimwagike kwenye rangi. Yakimwagika, mwaga maji mengi hapo hapo, wala usifute kwa kitambaa kikavu.

Masta mpya ijaze mafuta ukiwa umeishika mezani kabla ya kuifunga garini, usukume pistoni yake taratibu mpaka viputo viishe. Ukiifunga kavu, unajitafutia kazi.

Bado kuna kitu kidogo cha mwisho: ufito wa masta lazima uwe na nafasi ya kama milimita moja kabla haujagusa pistoni. Usipoachia nafasi hiyo, pistoni haitarudi mpaka mwisho, tundu dogo la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, na injini ikipata joto mafuta yanatanuka bila pa kwenda. Yanaanza kukanyaga klachi yenyewe, na gari ambalo asubuhi lilikuwa halikati, jioni linateleza.

Ukimaliza, rudi chini na rula. Pima tena safari ya ufito wa silevu, uiandike kwa rangi chini ya boneti pamoja na tarehe, kisha uweke alama ya kalamu kwenye kikopo pale mafuta yalipofikia. Baada ya wiki tazama alama hiyo, uvute ile kofia ya mpira ya silevu uone kama ndani ni pakavu.